Ununue Mashine ya Mkate au Uache? Mwongozo Kamili wa Kuamua Kabla Hujatoa Pesa

Wasomaji wanaoniuliza kuhusu mashine ya mkate huja na swali moja: "Ninunue ipi?" Ni wachache wanaoanza na swali linalopaswa kutangulia, yaani kama wanunue au waache. Matokeo yake ni yaleyale kila mara. Mashine inafika kwa shangwe, inaoka mikate kadhaa, kisha inapandishwa juu ya kabati na kufunikwa na vumbi. Mwenye nayo anarudi dukani kununua mkate wa slesi.

Mara nyingi mashine haina kosa. Tatizo ni kwamba mtu ameanza kulinganisha modeli kabla ya kujua anakula mkate kiasi gani, ana muda gani, na ni sehemu ipi ya kuoka inayomshinda. Hapa tunageuza mpangilio: unajipima wewe kwanza, kisha jiko lako, na mashine inakuja mwisho. Kazi yote itakuchukua kama wiki tatu. Wanaoona wiki tatu ni nyingi ndio hasa ninaowaandikia.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, mradi uandike siku ileile.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Hii si anasa. Kikombe kimoja cha unga uliochotwa kwa upole kinaweza kuwa na gramu 120, na kilekile kikishindiliwa kinapita 150. Tofauti hiyo inatosha kuharibu mkate, na mashine haina macho ya kuiona.
- Tepu ya kupimia.
- Unga wa ngano, kilo 2. Soma pakiti, sehemu ya protini kwa kila gramu 100. Unga wa mkate huwa na gramu 11 hadi 13. Ukiona 8 au 9, huo ni wa keki.
- Hamira kavu ya punje ndogo, ile inayochanganywa moja kwa moja na unga.
- Chumvi, mafuta ya kula, bakuli kubwa na chombo cha kuokea mkate.

Ukishanunua mizani, hutajuta hata kama mashine utaiacha.

## Hatua ya 1: Andika mkate unaoliwa nyumbani kwa wiki mbili

Mali bila daftari huisha bila habari, na mkate ni hivyohivyo. Kila jioni andika slesi zilizoliwa, zilizoliwa na nani, na zilizotupwa. Usibadilishe mazoea ili hesabu ipendeze.

Sababu ya kuandika ni kwamba watu hukumbuka hamu ya mkate, hawakumbuki mkate wenyewe. Mtu atakuambia nyumba yake inamaliza mikate minne kwa wiki. Ukipekua daftari unakuta miwili, na kipande cha mmoja kimeota ukungu.

Baada ya wiki mbili, soma hesabu hivi:

Chini ya mkate mmoja kwa wiki. Simama hapa. Isipokuwa kuna mtu nyumbani mwenye mahitaji maalumu ya chakula (nitarudi kwake), mashine haitakufaa.

Mikate miwili hadi mitano kwa wiki. Mashine zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba kama yako. Endelea.

Mkate mmoja mkubwa au zaidi kila siku. Hapa wengi hushangaa, kwa sababu walidhani wao ndio wateja wenyewe. Mashine ya kawaida huoka mkate mmoja kwa wakati, na huchukua saa tatu hadi nne. Nyumba inayohitaji mikate miwili kwa siku itakuwa mtumwa wa mashine. Oveni inayobeba vyombo vitatu kwa mpigo itakusaidia zaidi, kwa kukanda mara moja.

Andika pia aina ya mkate mnayoipenda, kwa sababu hatua inayofuata inaitegemea.

## Hatua ya 2: Ielewe mashine kabla hujaiona dukani

Ndani ya boksi lile kuna vitu vichache tu. Kuna sufuria yenye tabaka la kuzuia kunata, mkono mdogo wa kukandia chini yake, mota inayouzungusha, koili ya joto inayoizunguka sufuria, na saketi ya kupanga muda. Unaweka viungo, unachagua programu, unafunga. Inachanganya, inakanda, inapumzisha, inaumua, inaoka. Wewe umetumia dakika tano hadi kumi za kupima viungo, na nyingine chache za kuosha.

Faida yake kubwa ipo hapo. Mashine haikupi mkate haraka, inakuondolea ulazima wa kuwepo. Ukioka kwa mkono, saa tatu zinakukatikia vipandevipande: kanda, subiri, rudi, umba, subiri, washa oveni. Kwenye mashine saa zile ni zako.

Sasa upande wa pili, ambao matangazo huuruka.

Umbo. Mashine nyingi hutoa mkate mrefu wa kusimama, karibu mraba ukiukata. Slesi zake mara nyingi hazitoshi kwenye tosta ya kawaida. Chache zina sufuria ya kulala yenye mikono miwili ya kukandia, mojawapo ikiwa Zojirushi Virtuoso, na hizo hutoa mkate wa umbo la dukani.

Tundu. Mkono wa kukandia hubaki ndani wakati wa kuoka, kwa hiyo kila mkate una tundu chini. Slesi mbili au tatu za katikati zitakuwa na pengo.

Ganda. Mashine huoka kwenye nafasi ndogo iliyofungwa, yenye mvuke, na joto lake halifikii la oveni iliyopashwa sawasawa. Hutoa ganda jembamba na mkate laini wa ndani. Kama unachotafuta ni ganda gumu linalopasuka chini ya kisu, mkate wa mtindo wa Kifaransa, hakuna programu itakayokupa hilo, hata kama kitufe kimeandikwa hivyo.

Kuchacha. Mkate wa nyumbani hauna dawa za kuuhifadhi. Siku ya kwanza ni mtamu, ya pili ni mzuri, ya tatu ni wa kubanika. Kuuweka kwenye friji huufanya ukauke haraka zaidi. Ukibaki, kata slesi, gandisha, utoe kadiri unavyohitaji.

Kuna programu moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayohalalisha bei: ile ya kukanda na kuumua tu, bila kuoka. Huchukua kama saa moja na nusu. Baada ya hapo unalitoa donge, unaliumba utakavyo, unalioka kwenye oveni. Umbo, tundu na ganda, yote matatu yanaisha. Wengi waliodumu na mashine zao kwa miaka huzitumia hivyo, na karibu hawagusi tena programu ya kuoka.

Utajua umeelewa hatua hii ukiweza kumweleza mtu, bila kuangalia popote, mkate utakaotoka utakuwa na sura gani.

## Hatua ya 3: Oka mara tatu kwa mkono

Hapa ndipo watu hunikimbia. "Nanunua mashine ili nisikande, halafu unaniambia nikande!" Ndiyo. Bila zoezi hili hujui unanunua suluhisho la tatizo gani. Isitoshe, atakayeshindwa kulitambua donge zuri mkononi hatalitambua likizunguka ndani ya mashine.

Vipimo ni hivi: unga gramu 500, maji mililita 320, hamira gramu 5, chumvi gramu 9, mafuta kijiko kimoja cha chakula.

1. Changanya unga, hamira na chumvi, kisha maji na mafuta. Maji yawe ya vuguvugu, usiyahisi moto ukitia kidole. Hamira hufa ikifika karibu nyuzi joto 55 hadi 60 za Selsiasi, na maji yanayounguza kidole ni mazishi yake.

2. Acha dakika kumi, kisha kanda dakika kumi. Mwanzo donge litanata na kuchanikachanika. Usikimbilie kuongeza unga, hilo ndilo kosa linalozaa mikate migumu. Kadiri unavyokanda, protini zinashikana na kuwa gluteni, nyavu zinazobeba hewa. Ili kujua limekuwa tayari, kata kipande cha ukubwa wa kokwa ya jozi, kivute taratibu kwa vidole vinne. Kikitanuka hadi mwanga unapenya bila kuchanika, simama.

3. Funika, acha liumuke hadi lifikie mara mbili ya ukubwa wake, saa moja hadi moja na nusu. Tazama donge, si saa. Penye joto litawahi, penye baridi litachelewa.

4. Litoe hewa, umba, weka kwenye chombo kilichopakwa mafuta. Subiri dakika 40 hadi 60. Bonyeza kwa kidole: kishimo kikirudi polepole na kuacha alama ndogo, oka. Kikirudi mara moja, bado. Kisiporudi kabisa, umechelewa.

5. Oka kwa nyuzi 200, dakika 35 hadi 40. Gonga chini ya mkate. Ukisikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani, umeiva. Kama una kipimajoto cha chakula, katikati pasome kati ya 93 na 96.

Huna oveni? Tumia sufuria nzito yenye mfuniko kwenye moto mdogo, na ugeuze mkate katikati ya safari. Hautapendeza sana, lakini zoezi litakuwa limefanyika.

Rudia siku nyingine, na nyingine tena, kwa vipimo vilevile. Kila mara andika mambo matatu: muda uliotumia mikono yako, jambo lililokuudhi, na kama mkate uliliwa wote.

Onyo: usifanye mara zote tatu Jumapili moja. Jaribu angalau mara moja siku ya kazi, ukiwa umechoka, kwa sababu mashine itatumika siku kama hizo.

## Hatua ya 4: Taja kilichokushinda

Fungua daftari, soma safu ya maudhi. Jibu liko pale.

*Kukanda kulinichosha mikono.* Mashine itakusaidia. Mixa ya kusimama yenye ndoana ya kukandia nayo itakusaidia, na hiyo inapiga keki na krimu pia. Wenye maumivu ya viungo vya mikono wana sababu nzuri kuliko sote.

*Sikuweza kukaa nyumbani saa tatu.* Mashine, bila ubishi. Mixa haitatatua hili.

*Sina oveni.* Wewe ndiye mnunuzi bora kabisa, ingawa hakuna anayekuzungumzia. Mashine ni kioka kidogo kinachojitegemea. Chagua modeli yenye programu ya kuoka peke yake, nayo itakuokea hata keki ndogo.

*Mkate haukuumuka.* Usinunue bado. Hamira yako imekufa, au maji yalikuwa moto, au unga ni wa keki. Viungo vilevile vikiingia kwenye mashine vitatoa jiwe lilelile, ila la bei zaidi. Pima hamira: kijiko cha chai cha hamira na chembe ya sukari kwenye maji vuguvugu. Baada ya dakika kumi pawe na povu.

*Mkate ulikuwa mzuri, ila niliishiwa hamu.* Hongera kwa ukweli. Umeokoa pesa.

*Tulifurahia kukanda na watoto.* Basi unanunua mashine ya nini?

Nyumba yenye mtu asiyekula gluteni ina hesabu yake. Mkate wa aina hiyo dukani huwa ghali na haupatikani kila mahali, donge lake ni rojo lisilokandika kwa mkono, na huumuka mara moja tu. Programu maalumu ya bila gluteni inafaa sana, hata kwa mkate mmoja kwa wiki. Lakini kama ni mgonjwa wa siliaki, yaani mtu ambaye gluteni humdhuru utumbo, mashine iwe yake peke yake. Makombo ya ngano hujificha kwenye ekseli, kile chuma kinachozungusha mkono wa kukandia, na kuosha kwa kawaida hakuyaondoi yote.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya pesa

Badala ya sarafu, tutumie mkate wa dukani kama kipimo. Kila mtu ana bei yake.

Kwanza sawazisha uzito. Mkate wa dukani unaweza kuwa gramu 400 na wa kwako gramu 750, hivyo linganisha kwa kila gramu 100. Kisha jumlisha unga, hamira, mafuta na umeme. Umeme hauogopeshi: mashine nyingi zina wati 500 hadi 800, lakini koili haiwaki muda wote, na mkate mmoja kwa kawaida hula chini ya nusu uniti. Oveni ya umeme kwa kazi hiyohiyo inaweza kula uniti nzima au zaidi.

Tuseme mkate wako unagharimu nusu ya ule wa dukani, na mashine ina bei ya mikate 80. Kila unapooka unaokoa nusu mkate. Ili mashine ijilipe unahitaji kuoka mara 160.

- Kwa mikate mitatu kwa wiki: wiki 53, kama mwaka mmoja.
- Kwa mkate mmoja kwa wiki: miaka mitatu na ushee.
- Kwa mkate mmoja kila wiki mbili: zaidi ya miaka sita.

Weka namba zako. Ikipita miaka mitatu, usijidanganye kwamba unanunua ili kuokoa pesa, maana tabaka la sufuria huchakaa na sufuria mpya huwa ghali ukilinganisha na mashine yenyewe. Ukianza kutia maziwa, siagi, mayai na mbegu, mkate wa nyumbani unaweza kupita bei ya dukani. Hapo unalipia ladha, na kujua kilichomo. Ni sababu halali kabisa, ila iite kwa jina lake.

## Hatua ya 6: Pima jiko, umeme na kelele

Chukua tepu. Mashine nyingi zina urefu wa sentimita 30 hadi 35 kwenda juu, na mfuniko hufunguka juu zaidi ya hapo. Pima nafasi iliyo chini ya kabati mfuniko ukiwa wazi. Acha pia nafasi pembeni na nyuma kwa ajili ya joto.

Jambo la kuamua ni hili: je, itakaa mezani daima? Kitu cha kilo tano au sita kikiwekwa kabatini hakishuki. Kama hakuna nafasi ya kudumu karibu na soketi, idadi ya mikate uliyokadiria kuoka kwa wiki katika hatua iliyopita igawe kwa mbili.

Angalia volti. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, za Marekani 120. Ukiichomeka kwenye volti 220 hadi 240 bila transfoma, utaiaga siku hiyohiyo.

Umeme ukikatika katikati ya kukanda, baadhi ya mashine hukumbuka zilipoishia kwa dakika kama kumi, na nyingine huanza upya. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hiki ndicho kipengele cha kwanza kuuliza, kabla ya idadi ya programu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, litoe donge, liache liumuke, utafute namna nyingine ya kulioka.

Kuhusu kelele: kukanda kunagonga na kunguruma, na huja kwa vipindi. Ukipanga mkate uive saa 12 asubuhi, mashine itaanza kukanda kama saa 9 usiku. Kama mnalala karibu na jiko, fikiria.

## Hatua ya 7: Chagua, kwa vitu vinavyohesabika

Umefika hapa na bado unaitaka? Vizuri. Sasa ndipo swali la "ipi" lina maana.

Tazama haya kwa mpangilio:

1. Vipuri. Sufuria, mkono wa kukandia na mkanda (unaopeleka mzunguko wa mota kwenye mkono) vinapatikana? Ulizia kabla ya kulipa. Mkono ule mdogo hupotea kirahisi, wakati mwingine huenda mezani ndani ya mkate.
2. Ukubwa. Rejea daftari la hatua ya 1. Inayooka gramu 500, 750 na kilo 1 inatosha nyumba nyingi. Usioke mkate mdogo sana kwenye sufuria kubwa, mkono haulifikii donge vizuri.
3. Programu ya kukanda tu. Bila hiyo, acha.
4. Dirisha la mfuniko na taa, si lazima, ila husaidia.
5. Kitufe cha kuchelewesha, kwa kawaida hadi saa 13 au 15. Ukikitumia usitie maziwa mabichi wala mayai, yataharibika yakisubiri, na hamira isiguse maji hadi muda ufike.

Visivyostahili kukuongezea bei: programu 20 badala ya 10, jemu, mtindi. Mwaka mzima utatumia tatu. Programu ya haraka ya saa moja hudai hamira nyingi na hutoa mkate uliobanana. Isiwe sababu ya kununua.

## Hatua ya 8: Ikiwa ni ya mtumba

Kwa kuwa nyingi zilikwenda moja kwa moja juu ya kabati, za mtumba huwa karibu mpya na kwa bei nafuu. Binafsi ningeanza huko. Kagua hivi:

Toa sufuria, tia maji, iweke juu ya kitambaa kikavu kwa dakika kumi. Kitambaa kikilowa, mpira wa chini umekufa. Zungusha ekseli kwa mkono: iende bila kukwaruza. Tazama tabaka la ndani kwa tochi. Michirizi midogo inavumilika, likibanduka vipande usichukue. Chomeka, washa programu ya kukanda ukiwa umetia unga na maji. Mota ikilia bila mkono kuzunguka, mkanda umelegea au umekatika. Mwisho washa programu ya kuoka dakika tano, usikie joto. Muuzaji akikataa kukuachia uchomeke, aga.

## Hatua ya 9: Mikate ya kwanza

Kwanza soma mpangilio wa viungo kwenye kijitabu chake, kwa maana mashine hazifanani. Nyingi hutaka maji kwanza, unga juu, hamira mwisho. Modeli nyingi za Panasonic huelekeza hamira chini, unga, kisha maji. Kusudi ni moja: hamira ikae mbali na maji na chumvi hadi kukanda kuanze.

Tumia vipimo vya hatua ya 3 na programu ya kawaida. Kwenye joto kali tumia maji baridi. Ukiishi juu sana kutoka usawa wa bahari, punguza hamira kwa robo, maana donge huumuka haraka na kuporomoka.

Dakika ya kumi ya kukanda, fungua mfuniko. Inaruhusiwa, marufuku ni wakati wa kuumua na kuoka. Unataka kuona donge moja laini, limejitenga na kuta, linalozunguka na kupigapiga ubavu wa sufuria kwa mlio wa kofi dogo. Liguse: linate kidogo kidoleni, kisha liachie. Likiwa uji uliotandaa chini, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, subiri dakika mbili. Likiwa limegawanyika vipande vikavu na mota inagugumia, ongeza maji kijiko kimoja cha chai. Ukaguzi huu wa nusu dakika huokoa mikate mingi kuliko kitufe chochote.

Mashine ikilia, toa mkate mara moja. Ukiacha kwenye hali ya kutunza joto, mvuke utalainisha ganda na mbavu zitabonyea ndani. Pumzisha juu ya wavu saa nzima kabla ya kukata. Mkono ukinasa ndani ya sufuria, tia maji ya vuguvugu dakika 15, usiuchokoe kwa kisu. Usiizamishe sufuria nzima majini, mpira wa chini utaoza.

Mkate wenye mafanikio una kichwa kilichotuna, mbavu za kahawia sawasawa, na ukikata ndani ni mkavu wenye matundu madogo. Kichwa kikibonyea, punguza maji kwa mililita 15 au hamira kwa robo, moja kwa wakati. Ukiwa mfupi na mzito, pima hamira tena na uhakikishe donge halikuwa kavu. Ukifurika hadi kugusa mfuniko, punguza hamira na unga.

Fanya haya ndani ya muda wa kurudisha bidhaa, na oka angalau mara tatu kabla haujaisha. Kama viungo vimepimwa kwa mizani, donge la dakika ya kumi lilikuwa zuri, na bado katikati kunatoka kubichi au ubavu mmoja mweupe, basi koili ina hitilafu. Funga kwenye boksi lake pamoja na risiti, uirudishe.